Kifaa cha Msaka Mizimu Kipime Kitu cha Kweli Kwanza

Ndugu mwenyekiti, walimu wa sanaa za maonyesho, wazee mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, na ninyi vijana mnaoandika miswada, mnaoshika kamera na mnaolehemu waya hadi usiku wa manane: mbukwenyi!

Tumeombwa tuzungumze juu ya vifaa vya wasaka mizimu, wale wa kwenye hadithi, filamu na michezo ya jukwaani. Swali la kama mizimu ipo au haipo tunawaachia wazee na viongozi wa dini. Sisi tunashughulika na kile kitu ambacho mhusika amekishika mkononi, kinachowaka na kulia, na mtazamaji wa Kondoa au Mpwapwa akakiamini, au akacheka mahali ambapo hakutakiwa kucheka.

Tunachotaka kusema leo ni hiki: wingi wa taa haumfanyi mtu akiamini kifaa. Mtu hukiamini akishajua kinapima nini, na kinadanganyika kwa nini. Mwandishi asiyejua kipimo chake hukosea wapi hana la kuandika zaidi ya "taa ikawaka, wakatoka mbio". Anayejua ana kurasa ishirini mbele yake, kwa sababu wahusika wake wataanza kubishana, watakagua, wataondoa sababu moja baada ya nyingine, na hofu itaingia pale sababu zitakapowaishia.

Waliotutangulia walilijua hili mapema. Mwaka 1910 Mwingereza William Hope Hodgson alianza kuchapisha hadithi za mpelelezi wa mizuka aitwaye Carnacki. Kinga yake kuu ilikuwa nyota ya pembe tano iliyoundwa kwa mirija ya kioo iliyotolewa hewa, ikiunganishwa na betri na kutoa mwanga hafifu, naye anakaa katikati. Angalieni ufundi wa mwandishi hapo: kinga inategemea betri, na betri huisha. Tena Carnacki kabla ya kukaa kwenye nyota yake hufunga milango na kuweka alama za kumnasa binadamu mwenye hila. Anamshuku mtu kwanza, mzimu baadaye.

Katika maisha halisi, mchunguzi wa mizuka Harry Price wa Uingereza alikodi nyumba ya Borley, iliyosifika kuwa na mizuka, kwa mwaka mzima kuanzia 1937, akaweka watazamaji 48 wa kupokezana. Begi lake lilikuwa na viatu laini vya kuvalia juu ya viatu ili hatua zisisikike, futi ya chuma, uzi, lakiri za risasi, kengele za umeme na betri zake, kamera, kipimajoto, na bakuli la zebaki la kuonyesha mtikisiko wa sakafu. Ukiitazama orodha hiyo vizuri, zaidi ya nusu yake ni mitego ya kumkamata mtu anayecheza mchezo gizani. Zebaki msiiguse, ni sumu. Bakuli la maji na tochi iliyoegemezwa pembeni, mwanga ukaakisi juu ya maji na kuangukia ukutani, hufanya kazi ileile na kwenye picha huonekana vizuri zaidi: mtu akikanyaga chumba cha pili, duara la mwanga linatetemeka ukutani.

Kisha ikaja filamu ya Ghostbusters mwaka 1984, ikatupa begi la mgongoni linalorusha miale, mtego wa kufunguliwa kwa kanyagio, na tanki la kuhifadhia waliokamatwa. Watu wengi huiga begi na kusahau kilichoibeba filamu, yaani masharti. Miale haitakiwi kupishana, na tanki linategemea umeme usikatike. Kile kipimo cha mkononi chenye mabawa kilijengwa juu ya gamba la mashine ya umeme ya kung'arishia viatu. Kwa hiyo mnapopita soko la Sabasaba au la Majengo hapa Dodoma, tazameni pasi mbovu, ving'amuzi vilivyokufa, mashine za kunyolea, redio za zamani zenye mkonga. Gamba lililotengenezwa kiwandani, lenye mkunjo wa kushikika na skrubu zake, linamshinda mtu anayekata plastiki kwa kisu na kuibandika gundi.

Tuingie kwenye vipimo vyenyewe. Maarufu kuliko vyote ni kipima sumaku, kile chenye taa tano kutoka kijani hadi nyekundu ambacho vipindi vya televisheni vya Marekani vimekizoesha macho ya watu. Kazi yake halisi ni kupima uga wa sumaku unaotokana na umeme wa nyumbani. Kipimo chake ni miligausi, na miligausi 10 ni sawa na mikrotesla 1. Vingi vya bei nafuu vina koili moja, hivyo vinasoma upande mmoja tu. Simama mahali pamoja, kizungushe kiganjani, utaona taa zinapanda na kushuka bila wewe kusogea hata hatua. Mhusika mjuzi hukizungusha pande tatu kabla hajasema neno. Mhusika mwongo hukizungusha taratibu huku akiwaambia wenye nyumba, "Amekuja." Kwa kiwiko tu umeshamtambulisha mtu kwa mtazamaji.

Umeme wetu wa gridi ni volti 230, unaobadilika mara 50 kwa sekunde, na wa Marekani mara 60. Koili hutoa volti kulingana na kasi ya mabadiliko, kwa hiyo kifaa kilichorekebishwa kwa ajili ya kule kinaweza kusoma chini kidogo hapa. Kinachokiwasha ni friji, feni, transfoma ya chaja, na simu iliyo mfukoni mwa mwigizaji inapotafuta mtandao. Lakini chanzo kinachofaa hadithi kuliko vyote ni nyaya zilizofungwa ovyo. Waya wa moto na wa nyutro vikipita pamoja, uga wa mmoja hufuta wa mwenzake. Fundi akipitisha moto juu ya dari na kurudisha nyutro kwa njia nyingine, chumba kizima katikati ya nyaya hizo kitawasha taa nyekundu, na hakuna kifaa chochote cha umeme ndani yake. Hapo kuna onyesho kamili: familia imehama chumba kwa miaka, anaitwa fundi umeme, anafungua boksi la swichi, anauliza nani aliyefunga nyaya hizi.

Halafu geuza upande wa pili. Kijiji cha Bahi, nyumba haina umeme, haina sola, simu zote zimewekwa kwenye ndoo getini. Kipimo kinatakiwa kulala. Taa ya tatu ikiwaka hapo, mtazamaji anashtuka kwa haki, kwa sababu umeshamfundisha kwamba haina sababu ya kuwaka.

Zile programu za simu za kutafutia mizimu hutumia dira ya ndani ya simu. Hiyo inapima uga wa dunia, ambao kwetu huku ni takriban mikrotesla 33, na hurukaruka karibu na nondo, spika au mlango wa chuma. Kwa mchezo wa kuchekesha zinatosha.

Kipimajoto cha miale, chenye kidoti chekundu, ndicho kinachoandikwa vibaya kuliko vyote. Waigizaji hukielekeza hewani katikati ya chumba na kusema baridi imeingia. Kifaa hicho hakipimi hewa, kinapima uso wa kitu kilicho mbele yake. Tena hakipimi pale tu kidoti kinapogusa. Chenye uwiano wa 12 kwa 1, ukisimama mita 1.2 kutoka ukutani, kinasoma duara la upana wa sentimita 10. Ukisimama mbali, duara linapanuka na kumeza dirisha, mlango na mtu aliyesimama pembeni.

Na hapa Dodoma tuna utajiri ambao waandishi wa mahali pengine hawana. Tembe la Kigogo lina kuta nene za udongo na paa la udongo. Ukuta huo hupokea joto la jua mchana na kulitoa polepole usiku, kwa hiyo saa nne za usiku ukuta wa magharibi uliopigwa na jua la jioni utasoma joto zaidi kuliko wa mashariki, ndani ya chumba kilekile, na mtu asiyejua atasema kuna kitu kimeegemea ukuta. Kiangazi mbingu zetu ni kavu na safi. Elekeza kipimajoto juu usiku, pale paa lilipobomoka, kitasoma chini ya sifuri, kwa sababu kinatazama anga lenyewe. Bati jipya linalong'aa nalo huakisi anga hilo, likasoma baridi kuliko lilivyo ukiligusa. Mnaona hadithi inavyojiandika? Msaka mizimu mgeni kutoka mjini anapata kasoro nyuzi kumi, anatetemeka, anataka watu watoke. Bibi mwenye tembe anamwambia, "Mjukuu wangu, unapima tundu la paa." Mkitaka mhusika apime hewa, mpeni kipimajoto chenye ncha ya waya na mkiache kitulie dakika mbili tatu kabla ya kusoma.

Kamera ya gizani tuseme kwa kifupi, kisha vumbi kwa kirefu. Taa za infraredi, zinazoimulikia kamera gizani, ziko za nanomita 850 na za 940. Za 850 zinaangaza mbali zaidi ila zinaonyesha wekundu hafifu ukizitazama. Za 940 hazionekani kabisa kwa macho, lakini kamera nyingi huzipokea kwa udhaifu, hivyo picha inakuwa na chenga. Ukitaka kujua kama kamera ya simu yako inaona infraredi, ielekezee rimoti ya televisheni na ubonyeze. Ikionyesha nukta nyeupe, inaona. Jaribu na kamera ya mbele, mara nyingi ina chujio jepesi zaidi.

Vumbi sasa. Kuanzia Julai hadi mvua za Desemba upepo wetu unabeba vumbi jekundu kila mahali. Chembe ikipita sentimita chache mbele ya lenzi huku taa ikiwa jirani na lenzi hiyo, inang'aa na kutoka kwenye fokasi, ikawa duara jeupe linaloelea. Hao ndio "mizimu ya duara" wanaosambazwa kwenye simu. Mkizitaka, wekeni taa karibu kabisa na lenzi na mtu akung'ute gunia tupu upande upepo unapotokea. Msipozitaka, itengeni taa na lenzi kwa nusu mita au zaidi na mmwagie sakafu maji saa moja kabla. Mhusika mjuzi atapiga picha mbili, moja taa ikiwa karibu na nyingine ikiwa mbali. Duara likitoweka kwenye ya pili, lilikuwa vumbi. Duara likibaki palepale kwenye zote mbili, mmepata mwisho wa sehemu ya kwanza.

Kinasa sauti kina hila moja ya kuijua: vingi hupandisha sauti vyenyewe kukiwa kimya. Ndiyo maana chumba tupu kikisikilizwa baadaye kimejaa mnong'ono, kumbe ni adhana ya mbali, treni, au fisi wa upande wa pili wa kilima. Kwenye kurekodi filamu zimeni utaratibu huo, rekodini kwa 48 kHz, na kila mahali mchukue dakika moja ya ukimya wa chumba kile. Sauti ya mzimu itengenezwe baadaye, iwekwe juu ya ukimya huo. Kile kisanduku cha redio ambacho wasaka mizimu husikilizia sauti, kinachoruka stesheni kati ya megahezi 88 na 108, msikijenge kwa kurusha mawimbi, maana kurusha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Tengenezeni faili la sauti, lichezwe na simu iliyofichwa ndani ya gamba la redio mbovu.

Na iko sauti isiyosikika. Mwaka 1998 mhandisi Vic Tandy wa Coventry aliandika jinsi feni ya kutolea hewa kwenye maabara ilivyotoa mtetemo wa karibu hezi 19, chini ya kiwango cha sikio, na watu wakawa wanahisi wasiwasi na kuona kivuli cha kijivu pembeni mwa jicho. Ufungaji wa feni hiyo ulipobadilishwa, hali ile ikaisha. Mashine ya kusaga, jenereta au feni kubwa ya ghala inaweza kubeba hadithi hiyo bila mtu kuongeza chumvi.

Sasa tukijenge kimoja. Tunataka kipimo cha taa 10 zinazopanda kwa mpangilio, mwigizaji akiziongoza kwa kidole gumba pasipo kamera kuona. Aisii, yaani chipu, ya kazi hiyo ni LM3914, ina miguu 18. Ukiikosa kwa mafundi redio wa hapa mjini, agiza Kariakoo. Uzuri wake ni kwamba inadhibiti yenyewe mkondo wa kila taa, kwa hiyo zile rezista kumi ambazo wengi huziweka hazihitajiki.

Tafuta soketi ya miguu 18, ili usiunguze aisii kwa pasi ya kulehemu. Taa za LED za milimita 5: kijani nne, njano tatu, nyekundu tatu. Rezista mbili, moja ya kilo-omu 1.2 na moja ya 27. Potenshiometa, yaani kitasa cha kuzungusha kama kile cha sauti ya redio, ya kilo-omu 10 yenye herufi B. Kapasita ya mikrofaradi 10. Swichi, bodi ya matundu, na kishikio cha betri nne za AA.

Miguu mirefu ya LED zote iungane kwenye chanya. Mguu mfupi wa taa ya kwanza uende mguu wa 1 wa aisii, wa taa ya pili mguu wa 18, wa tatu 17, na kushuka hivyo hadi taa ya kumi iingie mguu wa 10. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa baada ya 1 wanadhani inafuata 2. Miguu ya 2, 4 na 8 iende hasi. Wa 3 uende chanya. Wa 9 ukiupeleka chanya taa zinajazana kama mstari unaopanda, na ukiuacha huru inawaka moja tu inayotembea. Miguu ya 6 na 7 iungane, na kutoka hapo rezista ya 1.2 iende hasi. Rezista hiyo ndiyo inayoamua ukali wa mwanga, na kwa thamani hiyo kila taa inapata karibu miliampea 11 au 12. Potenshiometa mguu wake mmoja wa pembeni uende hasi, wa pembeni mwingine upitie rezista ya 27 kwenda chanya, na wa katikati uende mguu wa 5. Kapasita ikae kati ya mguu wa 3 na wa 2, chanya yake upande wa 3, karibu kabisa na aisii.

Kwa nini 27? Kwa mpangilio huu aisii inahesabu kuanzia sifuri hadi volti 1.25 tu. Bila rezista hiyo, potenshiometa inampelekea volti 6, na taa zote kumi zinamalizika kwenye moja ya tano ya kwanza ya mzunguko. Mwigizaji anagusa kidogo tu, nyekundu. Ukiiweka, kilele kinakuwa karibu volti 1.6, na hata betri zikishuka hadi 4.8 bado unapata 1.3, kwa hiyo taa ya kumi haitakusaliti katikati ya onyesho. Herufi B inamaanisha potenshiometa inapanda kwa usawa. Ukichukua yenye A, ya kupandishia sauti ya redio, taa zitalala muda mrefu kisha zirukie mwisho zote pamoja.

Msitumie ile betri ya mraba ya volti 9. Taa zote zikiwaka zinavuta takriban miliampea 115, betri hiyo inachoka upesi. Na kwa volti 9 aisii inageuza karibu wati 0.8 kuwa joto, utaisikia inaunguza kidole. Kwa volti 6 inashuka chini ya 0.5. Taa zikianza kucheza zenyewe, kagua mambo mawili: kapasita umeisahau, au nyaya za LED zimezidi sentimita 15. Isiyowaka peke yake imegeuzwa miguu.

Kabla ya kufunga gamba, chukua msasa namba 400 ukwaruze kichwa cha kila LED hadi kiwe na ukungu. LED safi inachoma kamera na kuonekana nukta nyeupe, rangi yote imepotea. Kisha mfunze mwigizaji kidole chake. Kosa la kawaida ni kupandisha moja kwa moja kutoka kijani hadi nyekundu. Kipimo cha kweli kinapanda taa tatu, kinarudi mbili, kinatulia, kinapanda nne. Afanye mazoezi huku anazungumza mistari yake, kwa sababu macho yakishuka kutazama kidole, siri imetoka.

Wenye kutumia Arduino, ile bodi ndogo ya kuprogramu, kufifisha taa waangalie mistari kwenye picha. Kwa kawaida bodi ile huwasha na kuzima taa mara 490 kwa sekunde, na kamera ikifunga haraka inaona mapengo. Taa za umeme wa gridi nazo hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo wekeni kamera picha 25 kwa sekunde na shata 1/50. Ukiacha simu kwenye 30 na 1/60 kama ilivyotoka dukani, chumba kitapiga mawimbi.

Mtego wa kunasia ni boksi lenye milango miwili, taa nyeupe chini na ukungu. Injini ndogo ya servo kwenye mlango ikianza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa ghafla, Arduino inazimika na kuwaka upya, mlango unakwama nusu. Ipe servo umeme wake wa volti 5, unganisha hasi zote mbili, na weka kapasita ya mikrofaradi 470 pale inapoingia. Pawabenki nyingi hujizima zenyewe zikiona mzigo ni mdogo, basi msizitumie kwa mtego unaosubiri kimya nusu saa.

Ukungu unataka akili ya hali ya hewa yetu. Kile kisahani cha volti 24 kinachotikisa maji kinatoa ukungu mzuri sana Dar es Salaam, lakini hapa Agosti saa nane mchana hewa ni kavu kiasi kwamba unayeyuka kabla haujafika ukingo wa boksi. Rekodini alfajiri au ndani ya chumba kilichofungwa, sakafu ikiwa imemwagiwa maji. Kisahani kikibaki bila maji juu yake, kinapasuka. Mashine ya moshi inayotumia glisarini na maji hustahimili ukavu, ila fungueni madirisha kati ya shoti na shoti, na sakafu ya vigae huteleza baada yake.

Begi la mgongoni lijengwe kwa dumu la lita 20 na mabomba ya plastiki. Yapigeni msasa kabla ya rangi, la sivyo rangi inabanduka siku ya kwanza. Mwigizaji anapaswa kukimbia nalo juani, kwa hiyo kila kitu kisichoonekana kwenye kamera kiwe tupu ndani.

Sasa yale ambayo hatutayasema kwa upole. Msifungue mikrowevu wala televisheni ya kichogo kutafuta cheche. Transfoma ya mikrowevu inatoa karibu volti 2,000 na inaua, na kapasita yake inabaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Betri za lithiamu zilizotolewa kwenye kompyuta mbovu msizilehemu moja kwa moja. Pia kumbukeni mnakaa makao makuu ya nchi. Boksi lenye nyaya na taa inayopepesa, likiachwa kwenye kituo cha mabasi au karibu na ofisi ya serikali, litaleta askari, na watakuwa sahihi. Kibali cha Bodi ya Filamu kiwe mfukoni, mwenyekiti wa mtaa na polisi wa eneo wajue siku na saa, na kila kifaa kibandikwe ndani karatasi yenye maneno KIFAA CHA FILAMU na namba ya msimamizi.

Na kubwa kuliko yote: kipimo hiki kisielekezwe kamwe kwenye nyumba halisi ya mtu au kwa mtu asiye mwigizaji, hata kwa utani. Nchi hii imewazika akina bibi waliosingiziwa uchawi, wengine kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni tu. Lambalamba, wale wanaojidai kufichua wachawi, wanazunguka vijijini na vifaa vyao wakitaja watu, na kijana mwenye boksi la taa kumi anaweza kudhaniwa mmoja wao. Ipo Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, na inawagusa wanaojitangaza kuwa na nguvu hizo na wanaodai kumiliki zana zake. Kwa hiyo rekodini kwenye nyumba mliyoikodi, makaburi yajengwe kwa maboksi na udongo, na majirani waitwe waone taa zikiwashwa na kidole. Mtoto aliyeruhusiwa kuzungusha potenshiometa mwenyewe ataenda kuwaeleza wenzake jinsi inavyofanya kazi, na mtaa mzima utakuwa umeelewa kabla hamjaanza kupiga picha.

Bodi ya LM3914 iko hapa mezani, gamba limefunguliwa, pamoja na nyingine tuliyoifunga kwa potenshiometa ya A ili muone tofauti. Waandishi wa miswada waje nao washike. Mafundi wenye kifaa kinachocheza taa bila kuguswa wakilete, tutaanza na kapasita.